Mafunzo ya Somo Yangu, Sasa ya Wote

Jumatatu, 12 Januari 2026
Mkutano wa kata, Dunda. Mwalimu Amedeus na mradi wake: akili mnemba ya Kiswahili chetu, igharimiwe na serikali, iwe wazi, kila mtu aitumie bure. Mzee Mwinyijuma kapinga — ikimpotosha mtu, tumshtaki nani? Za kampuni angalau zina mwenyewe. Nikasimama. Fedha ni za umma, maneno ni yetu, asifungiwe mtu nje! Makofi. Nimetoka na kazi: kurekodi akina mama wakizungumza. Haji, mume wangu, kanisifu njia nzima.

Jumatano, 14 Januari
Nimeanza kwa Bi Kuruthumu, somo yangu, aliyenifunda kabla ya ndoa. Kasema atazungumzia mapishi. Alipofika kwenye bokoboko nikatoka kuswali, simu nikaiacha mkekani inarekodi. Kurudi, nakuta kaingia mwari, anajifuta machozi, harusi yake wiki ijayo. Nikatuma yote kwa Amedeus bila kusikiliza. Bokoboko nani asiyelijua?

Ijumaa, 16 Januari
Amedeus kapiga simu, anakohoakohoa. Eti Bi Kuruthumu anafundisha vizuri sana. Mapishi? Si mapishi.

Yarabi! Alikuwa anamfunda mwari! Yaleyale aliyonifunda mimi: mume haombwi. Mpe dafu la baridi. Msifie mama yake. Kisha kaa kimya, mpaka aulize mwenyewe, "Unataka nini?" Friji ilikuja hivyo. Kuhama Kaole, hivyohivyo. Haji anaamini yote yalikuwa mawazo yake.

Amedeus kasema ataifuta rekodi, ilimradi mwenye sauti mwenyewe aseme. Nikakimbilia kwa Bi Kuruthumu. Nilidhani atazirai. Katafuna tambuu yake, kafikiri.

"Wasichana wa Miono wasio na somo nao watasikia?"

"Watasikia, bibi. Na wanaume pia."

"Wanaume? Lini wamesikiliza? Iache."

Nimerudi nyumbani na hofu yangu.

Alhamisi, 9 Aprili
Akili mnemba ya Amedeus imefunguliwa kwa watu wote. Kwa kinyozi wanaiuliza tangu asubuhi. Haji kashinda huko. Nimemuuliza kaiuliza nini. Mambo ya mpira, kasema, huku anatazama friji.

Ijumaa, 10 Aprili
Haji karudi kutoka msikitini na dafu. La baridi!

Kisha kasema mama yangu ni mwanamke mwenye busara. Mama yangu! Miaka yote anamwita "yule". Kisha kakaa barazani. Kimya.

Nimejifungia chumbani. Dafu nimelimaliza, lilikuwa tamu, na kwa mama nimefurahi kweli, hilo ndilo linaloniudhi. Nachungulia dirishani: bado kakunja mikono, anatazama vidole vya miguu. Anataka pikipiki. Au — Mungu apishe mbali — mama yake anahamia kwetu. Sitauliza. Nimefundwa, mimi.

Bado kimya. Anaweza kuliko mimi!

Nakwenda kumuuliza kama anataka chai. Chai tu.