Swichi ya Redio ya Mama

Tumbi, Kibaha
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Biubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba ngedere wamewaachia mihogo walau michache huko Maneromango. Sisi hatujambo. Mama anakwenda mazoezi Jumanne na Alhamisi, na mguu umeanza kumtii. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia, Mama hukaa ubavuni kwangu, na ninalotaka kukueleza limeniwia zito kulitamka.

Kwanza habari njema: ile redio yake ndogo inaongea tena. Fundi Sixtus, jirani yetu anayetengeneza simu, aliifungua akanionyesha kiulimi cha bati kilivyokatika ndani ya swichi. Alisema swichi kama ile haiuzwi peke yake, heri ninunue redio nyingine. Nilikataa. Nilimpelekea swichi niliyoikata kwenye taa ya mezani iliyoungua, ile ya kubonyeza inayoning'inia kwenye waya. Alicheka, akasema redio itaota mkia. Lakini alitoboa tundu ubavuni, akalehemu nyaya mbili, na swichi ikatokeza nje, kubwa kama kiberiti.

Tangu redio inyamaze, Mama alikuwa hataki mazoezi wala maneno. Yale matangazo ya vifo ya asubuhi ndiyo yaliyokuwa yakimpa la kusema. Nilipomwekea redio mapajani nikanyoosha mkono kuiwasha, alisema, "Iache. Nitaiwasha mwenyewe." Akaupeleka mkono wa kulia, ule uliopooza. Siku ya kwanza kidole gumba kiliteleza tu. Ya pili vilevile, mpaka jasho likamtoka. Ya tatu nilikuwa nachambua mchicha, nikasikia swichi ikilia, kisha sauti ya mtangazaji. Sikugeuka, nisije nikalia mbele yake.

Sasa dada, lililonifanya niandike. Nilikuambia redio ilimponyoka Mama. Nilikudanganya. Siku ile nilikuwa nimefua mashuka yake mara tatu, redio inapiga kelele, nikamwambia apunguze sauti nikijua kabisa hawezi. Nikampokonya, nikaisukuma swichi kwa hasira mpaka ikavunjika, kisha nikaitupa redio ukutani. Na nilipokupigia simu kukupa ule uongo, alikuwa ameketi papo hapo ananisikiliza, akanisitiri.

Juzi nilipiga magoti nikamwomba radhi. Aliniwekea kichwani mkono uleule wa kulia, akasema polepole, "Radhi zangu unazo, Mboni. Lakini umechoka, na kuchoka si dhambi. Mwite dada yako."

Basi nakuita. Sikuwahi kuomba msaada kwa sababu nilitaka mseme Mboni ameweza. Peke yangu sijaweza. Njoo, hata kwa wiki mbili. Kitandani kwangu utalala wewe, mimi nitajitandikia mkeka karibu na Mama.

Nisalimie sana shemeji, na mwanao Mwanamkuu umwambie bibi yake na mama yake mdogo wa huku wanamuulizia. Mama anakusalimu. Ameniuliza kama nimeandika yote. Nimemjibu ndiyo, naye amesema basi niifunge bahasha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,
Mboni