Majina Kumi na Manane

Likoni, Jumatatu

Kaka yangu mpenzi Hussam,

Shikamoo. Natumai huko Maskati hujambo, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku mama anakula vizuri na hukuulizia kila siku. Mimi mwili mzima, lakini roho haiko mahali pake.

Wiki iliyopita mafundi walipobomoa dari ya chumba cha bibi, walishusha mkebe wa bati. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya babu wa baba yetu, Mwinyihaji, ya mwaka 1915, kwa herufi za Kiarabu. Nikaisoma kwa furaha, nikidhani nimekupatia maneno ya lile bango unalotaka litundikwe madrasani kwa heshima yake: Mwinyihaji, aliyekataa kuwatumikia wazungu.

Kaka, wallahi sivyo kabisa. Anamwandikia ofisa wa Kijerumani kule Tanga. Anashukuru kwa ahadi kwamba vita vikiisha na wakubwa wakaketi kuandikiana amani, Mwingereza atanyang'anywa pwani hii yote, Likoni iwe bandari ya manowari za Kijerumani, naye awe akida, mtawala wa hapa kwa niaba yao. Kwa hiyo anawataja, jina kwa jina, watu kumi na wanane wa kuhamishwa ili bandari ipate nafasi. Majirani zetu! Anaongeza kwamba hawatasumbua, kwani wanamwamini.

Amani ile haikuja. Mjerumani alishindwa, na Mwinyihaji akaendelea kuwasalisha watu walewale mpaka kufa kwake.

Jina la kumi na moja ni Ngowa, babu mzaa mama wa Mzee Nyale. Nyale huyuhuyu aliyemwosha baba alipofariki.

Sasa nisamehe, maana najua ungeniambia niichome. Juzi baada ya alasiri nilikwenda kwake nikamsomea yote. Nilikuwa nikingoja anifukuze. Akasema, "Hebu rudia hapo kwa babu yangu, mwanangu. Sijapata kuliona jina lake limeandikwa mahali." Nikarudia mara tatu, kidole chake kikifuata wino. Halafu akaniuliza kama baba alikuwa akijua.

Barua nimemwachia. Ni yake zaidi kuliko yetu.

Mama anakuombea dua, na wanao wabusu kwa niaba yangu. Ukikasirika, usinipigie simu. Niandikie, nami nitasoma yote.

Ni mimi mdogo wako,
Hanan