Ukiita Kimanga, naitika

Mujukuu wangu Baraka,

Pokea salamu zangu huko mbali uliko. Dada yako ameolewa kule kijijini Bwegera, nyumba imenibakilia peke yangu. Ameniachia telefone yake.

Unaniuliza kama nimekasirika kusikia mu rap yako kwamba Kimanga ni mtaa wa watu wakali. Hapana. Nikiwa kijana nilibeba magunia kwenye bandari ya Bujumbura, milima yetu ikionekana ng'ambo ya ziwa. Kila siku niliwatishia wenzangu: "Minye ni wa Kimanga! Kwetu hatuogope muntu!" Siku moja muzee mmoja akaniuliza polepole, "Kwenu umeacha nani?" Nikataka kutaja wale wakali. Nikamutaja mama, nikalia mbele ya wote.

Wimbo wako naufungua kila asubuhi mu telefone hiyo. Ukiita "Kimanga!", naitika mu nyumba hii tupu: "Niko!"

Babu yako