Baba Aliyeitwa Melboni

Jumanne, Agosti. Joto la leo lina unyevu mzito. Ukitoka tu mlangoni miwani inazibwa na ukungu. Zamu yangu imeisha saa nane mchana na sina hamu ya kula.

Baba yangu alifariki Ijumaa. Atazikwa keshokutwa nyumbani Kisii, nami sitakuwapo.

Likizo yangu ya mwaka niliimaliza Aprili, mzee alipolazwa. Nilikaa nyumbani siku ishirini na moja. Siku ya tatu aliruhusiwa kutoka hospitalini, nikaona amepona, na siku zilizobaki nikazimalizia kwenye ujenzi wa nyumba yangu, nikigombana na mafundi. Jioni nilimsalimia, nikala, nikalala. Naandika hivi bila kujitetea.

Mimi ni mlinzi katika makumbusho ya michezo hapa Doha. Kwa miaka mitatu nimesimama karibu na kabati la kioo la mwaka 1956, mwaka wa Olimpiki ya Melbourne, na nimeukariri mwaka huo kama sala. Wageni huuliza kwa nini farasi walishindana Stockholm ilhali wanadamu walikwenda Australia. Mimi huwajibu kwamba Australia iliwazuia farasi wa kigeni kwa kuhofia magonjwa. Huwaeleza jinsi Hungaria ilivyovamiwa, Suez ilivyoshambuliwa, na nchi kadhaa zikasusia michezo. Halafu, watake wasitake, huwaambia kuwa ndio mwaka Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza, nyumbani kukiwa na hali ya hatari na Mwingereza angali anatawala. Na kwamba baba yangu alizaliwa mwaka huo, ndiyo maana akaitwa Melboni.

Hilo la mwisho nilikuwa nalisema kifua mbele. Kwetu mtoto anaweza kupewa jina la jambo lililotikisa watu siku hizo, kwa hiyo sikuwahi kuona haja ya kuuliza zaidi.

Leo asubuhi, kabla basi la kampuni halijatutoa kempu tunakolala, kaka yangu Evans alinipigia simu. Fundi wa msalaba anataka mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha baba kinampa miaka mitano zaidi ya ile ninayoijua mimi, na Evans alitaka kufuata kitambulisho. Nikambishia. Nilimwambia karani alikisia tu, maana zamani walikuwa wakimtazama mtu usoni na kuandika. Nani angemwita mtoto Melboni kabla Melboni haijasikika? Nilipofika kazini nikapiga picha ya kabati, nikamtumia.

Alinipigia wakati wa mapumziko. "We kaa huko na kabati yako," akaniambia. "Mimi ndio nilikuwa namuosha mzee."

Ilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Lakini nilishikilia. Wenzangu wanachimba kaburi, wanapika, watabeba jeneza. Mimi nilichokuwa nacho cha kumpa baba ni mwaka wake tu, uandikwe sawasawa. Nikampigia mama atuamue.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia polepole, kwa Kikisii, kwamba baba hakuzaliwa mwaka ule. Mwaka ule alikuwa tayari anachunga mbuzi. Siku moja alisikia redioni, pale dukani, kwamba vijana wetu wamepelekwa Melbourne kukimbia. Akaacha mbuzi, akakimbia hadi nyumbani kumwambia bibi, yaani mama yake, akilirudiarudia lile neno njia nzima lisimponyoke. Watu wakaanza kumwita hivyo, na likamganda. Mbuzi walikula mahindi ya jirani, akachapwa. Na karani hakukisia kitu. Bibi mwenyewe alikwenda naye, akahesabu misimu kwa vidole.

Mama akacheka kidogo, kisha akalia. Nami nikalia, nikiwa nimesimama kwenye korido ya wafanyakazi, nimevaa sare.

Farasi wa Stockholm nawajua. Baba yangu sikumjua.

Nikamuuliza mama jina alilopewa alipozaliwa. Akashangaa kwamba silijui. Makori, akasema.

Mwenzangu wa chumba, Mtanzania mmoja mpole wa Tanga, amenipa mkono sasa hivi: "Pole sana, kaka. Mungu ampe kauli thabiti." Akaniuliza jina la marehemu ili amwombee. Nikasema Makori. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa mtu.

Nimemwandikia Evans kwamba nilikosea. Nimemwambia afuate kitambulisho, anisamehe, na kama nafasi ipo kwenye msalaba, fundi aongeze Makori.

Amejibu saa hiyo hiyo: "Hilo jina fundi alishaliandika jana. Nilidhani unalijua."