Bomba la Upepo la Bwana Mukesh

Jumamosi, 1 Oktoba 1994
Nimepata kazi! Nimepata, nimepata! Bwana Mukesh analigeuza ghala lake la pamba kuwa ukumbi wa sherehe — siku hizi kila mtu na biashara mpya — na mle ndani ni tanuri. Kafunga feni sita, lakini kwa mgao huu wa umeme feni ni mapambo tu. Nikamwambia mimi Dorotea, fundi bati, nitamletea upepo wa ziwani, bila umeme, kwa bomba la bati juu ya paa. Akacheka mpaka akakohoa. Mwisho: haya fundi, jaribu, ila paa langu usilitoboe. Nitalitoboa! Upepo utapita wapi?

Harusi ya kwanza mle ni ya binamu yangu Revocatus, tarehe kumi na tano. Baba anakuja kutoka Magu. Barua yake fupi: miaka miwili ya mtoto wa kike kugonga bati mjini imetosha, akija harusini akute nimefunga mizigo, turudi wote. Mizigo! Ngoja aje aone.

Jumatano, 5 Oktoba
Limesimama! Refu mara mbili yangu, mdomo wazi unatazama ziwani. Saa nane upepo ukaingia — fyuuu! Bwana Mukesh kasimama chini yake kafumba macho, shati limejaa upepo, kitovu nje. Wapaka rangi wakapiga makofi. Eti anataka na nyumbani kwake niweke. Nimerudi nikiimba barabarani peke yangu, watu wananishangaa. Wacha washangae.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mungu wangu. Mwezi! Nimesahau mwezi unaandama!
Hata mtoto mdogo wa hapa anajua: mwezi ukiandama, wadudu wanapanda kutoka ziwani, wingu zima, utadhani moshi. Bomba langu limewameza wote na kuwatapika ukumbini. Kwenye rangi nyeupe. Mbichi. Kuta zote nne zina mabawa.
Bwana Mukesh hakufoka. Bora angefoka. Kasema Jumatatu analeta mtu azibe tundu, basi.
Nimelia. Halafu mmoja wa wapaka rangi, masharubu yamejaa wadudu, kasema angekuwa na mafuta angewakaanga. Nikacheka huku nalia.

Ijumaa, 7 Oktoba
NIMEPATA!
Nilikwenda kutengeneza bomba la moshi pale kwenye tanuri la mikate. Upepo wa ziwani unapita juu ya bomba, chini moto unavuma vuuu. Hauingii, unavuta! Unanyonya moshi! Nikaangusha nyundo, karibu impate mama wa mikate mguuni. Kaniuliza kama nina homa. Sina, mama, sina!
Bomba langu liupe upepo mgongo. Basi! Lifyonze joto lilitoe nje, na hewa safi iingie kwenye madirisha ya chini, yenye wavu. Wadudu wapite zao huko juu.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimemwahi Bwana Mukesh kabla mtu wake hajapanda ngazi. Nimeongea mpaka koo likakauka. Kanitazama, katazama paa. Haya, mpaka harusi. Ikishindikana anaziba, na rangi mpya napaka mimi. Napaka! Hata leo!

Ijumaa, 14 Oktoba
Kichwa cha bomba nimekiweka juu ya beringi za baiskeli, na mkia mrefu wa bati. Upepo ukihama, chenyewe kinageuka. Nimekizungusha kwa mkono mara hamsini, raha yake! Lakini leo ziwa limetulia kabisa. Na ukumbi mtupu siyo ukumbi wenye watu mia mbili. Kuta nimezipaka upya, nywele zangu zina rangi nyeupe. Mizigo sijagusa.

Jumamosi, 15 Oktoba
Naandika stoo, nimejibanza nyuma ya kreti za soda, mlango nusu wazi. Saa nane kasoro. Umeme umekatika — ulitegemea nini! Suti, magauni, jasho. Kila mtu anajipepea kwa kadi ya harusi. Revocatus analowa shingoni, maskini.
Baba yuko safu ya tatu, chini ya bomba kabisa. Nimemwamkia shikamoo, kaitika marahaba, hapohapo: mizigo iko wapi? Baadaye, baba, kwanza keti chini ya bomba langu. Kavua kofia, anajipepea nayo kwa hasira kama anafukuza nyuki. Bwana Mukesh ananitafuta. Sitoki.
Njoo basi, upepo. Kila siku saa hizi unakuja, leo unaringa nini?
Kwiii! Juu kumelia. Mkia unageuka! Grisi nimesahau, nyie!
Mapazia ya chini yanafura. Shela la bibi harusi linanyanyuka, anacheka. Kadi moja imeshuka. Nyingine. Safu nzima ya mbele imeacha kujipepea!
Baba katazama juu, kwenye tundu. Anatazama tu. Mkono umesimama.
Kofia kaiweka magotini. Kageuka kwenye kiti, ananitafuta kwa macho, uso umekunjuka —