Sabuni ya Waridi Yafika Kliniki

Shoga, ndiyo tunatoka kliniki, sina pa kuficha uso! Wifi na mimba yake ya miezi saba kamburuta kaka kwa nesi ili aumbuliwe.

Eti kamletea ugonjwa! Alipoona uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki unamtoka, wiki nzima kaka kalala kwenye kochi.

Nesi kasoma majibu: "Bakteria wa ukeni wamezidi. Si lazima mumeo awe ametoka nje ya ndoa. Huko ndani unaoshea nini?"

Wifi, si anatengeneza sabuni, akajibu kwa maringo: "Sabuni yangu ya waridi. Asubuhi na jioni."

Sabuni yake MWENYEWE!

Nesi huku anaandika dawa: "Acha leo hii. Ndani hapaoshwi. Na vidonge umalize vyote, usije ukajifungua kabla ya wakati."

Kaka, kwa upole: "Nesi, andika na hapo chini: mume arudi kitandani."