Lady Ursula Pinnock, Uliyehama na Sahani Yako

Mwaka umetimia, Ursula, tangu utuache asubuhi ile ya baridi, na nyumba yetu ya Hexley bado haijatulia.

Wewe mwenyewe hukujua kutulia. Supu haijapoa, umeshainuka kwenda kumwangalia farasi anayekohoa, biskuti za tangawizi mfukoni, matope hadi magotini. Wakulima wetu walikupenda kwa hilo. Mpaka leo tunaona uchungu kupita zizini.

Uliposema utaolewa na Gilbert, daktari wa farasi, Mama alikuja juu.

"Baroni mzima amekuposa, wewe unamtaka mnuka zizi?"

"Sheria ni zenu, Mama. Nikiolewa na baroni, nashuka cheo niwe mke wa baroni tu. Nikiolewa na asiye na cheo, nabaki binti wa Duke vilevile, juu ya baroni."

"Usinifundishe!"

"Sikufundishi, Mama. Nakukumbusha."

Nasi tukacheka chini kwa chini.

Lakini cheo hicho kilikutesa. Kila karamu uliingia mezani mbele, umeshikwa mkono na bwana mkubwa fulani, na Gilbert akafuata mwisho kabisa, yeye na mchungaji. Ulikaa ukinyoosha shingo kumtafuta, chakula hakishuki. Krismasi yako ya mwisho ukabeba sahani yako, ukaipita meza nzima hadi kwa Gilbert.

"Mchungaji, sogea kidogo," ukasema. "Nimechoka kuwa na mume wa mbali."

Mama hakusema nawe tena hadi ugonjwa ulipokulaza.

Sasa tangazo hili la kumbukumbu nalo limezua ugomvi. Mama anataka majina yetu hapa chini yafuate vyeo, yeye kwanza, Gilbert mwisho.

"Jina langu halimfuati daktari wa farasi!"

"Basi lisiwepo, Bibi," akamjibu Maud, binti yako. Ulimi wako ule ule.

Wiki nzima tumelumbana, milango inabamizwa. Gilbert yeye alisema tu, "Niwekeni popote, nimezoea." Neno hilo lilitukata maini.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gilbert, wa kwanza, ubavuni pako. Kisha Maud, kisha mimi kaka yako, Lionel. Mama ameliondoa jina lake, na tunaumia, maana naye anakulilia chumbani akidhani hatusikii. Nafasi yake ipo hapa chini yetu, siku atakayotaka kuja.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Ursula. Na Gilbert hakai tena mwisho.